Notorio si jambazi

Nimeletewa tena tafsiri ya kuhariri ambamo jambazi sugu amekuwa “un bandido notorio”, na nilipouliza sababu nikajibiwa kwa kujiamini kabisa kwamba “notorio” ni “famoso” (maarufu) wa upande wa ubaya. Imani hii haina msingi katika Kihispania. Inatoka kwenye kamusi za Kiingereza, ambazo wanafunzi wetu wengi huzifanya daraja: Kiingereza kina neno linalofanana na hilo kwa umbo, “notorious”, nalo hubeba sifa mbaya, basi mwenye haraka hudhani kwamba maneno yanayofanana sura lazima yafanane na tabia.

“Notorio” ni jambo lililo dhahiri, linalojulikana na wote au linaloonekana bila kutafutwa. Daktari akiandika “una mejoría notoria”, anasema kwamba nafuu ya mgonjwa inaonekana wazi, wala hamshtaki mtu. Wanaolitumia neno hili kwa uangalifu zaidi ni wanasheria. Sheria ya Hispania ya mwaka 2000 inayosimamia mashauri ya madai, katika kifungu cha 281, haidai uthibitisho wa mambo yenye “notoriedad absoluta y general”, yaani yanayojulikana kabisa na kwa wote. Hakuna hakimu atakayemtaka wakili alete shahidi kwamba Madrid ni mji mkuu. Sheria ya alama za biashara ya mwaka 2001 ilichambua zaidi, kwani iliita “notoria” alama inayojulikana na watu wa sekta inayohusika, na “renombrada” ile inayojulikana na umma kwa jumla. Kwa mpango huo, kiwanda cha vifaa vya meno kingeweza kuwa na alama “notoria” kwa madaktari wote wa meno nchini huku jirani yako hajapata kuisikia. Mabadiliko ya mwishoni mwa 2018 yaliifuta tofauti hiyo, likabaki “renombre” peke yake, lakini hukumu za miaka ile bado zinasomwa, na mfasiri anayeandika “alama yenye sifa mbaya” amemchafulia mteja jina kwa ada ya mteja mwenyewe.

Basi jambazi wetu aitweje? “Un conocido delincuente”, mhalifu anayejulikana, hutosha mara nyingi, kwa kuwa ubaya umo tayari ndani ya nomino. Pale ambapo nomino yenyewe haina kosa, husemwa “tristemente célebre”, yaani mashuhuri kwa jambo la kusikitisha, na ndivyo inavyotajwa mara kwa mara ESMA, shule ya ufundi mitambo ya jeshi la wanamaji mjini Buenos Aires iliyogeuzwa kituo cha mateso wakati wa udikteta wa 1976 hadi 1983. Tafadhali msikimbilie “infame”. “Una película infame” ni filamu mbovu, hata kama haikutazamwa na mtu yeyote.

“Famoso” nalo lina kichomi ambacho vitabu vya kiada hukipita mbio. “Un actor famoso” ni mwigizaji maarufu, basi. Lakini neno hilo likitangulia kitu kisicho na umaarufu wowote, jihadharini na kejeli: mkuu wa ofisi anayeuliza “¿Y dónde está el famoso informe?” haisifu ripoti, bali anataka kujua hiyo ripoti anayoimbiwa kila siku iko wapi. Nimewahi kuona swali hilo likifasiriwa “ripoti mashuhuri”, mazungumzo ya ukurasa mzima yakakosa chumvi. Kejeli iliyo wazi zaidi ni ya kumwita mtu “conocido en su casa a la hora de comer”, yaani anayejulikana nyumbani kwake, tena saa ya chakula.

Mengine ni mepesi. “Un barrio popular” ni mtaa wa watu wa kipato cha chini, si mtaa unaosifika. “Afamado”, yaani chenye jina, hukaa vizuri na mvinyo na mikahawa. “Ilustre” na “insigne”, yaani mtukufu au mashuhuri, ni maneno ya hotuba.

Ninapokwama ni kati ya “célebre” na “famoso”. Mimi hufundisha kwamba “célebre” huelekea kwenye sifa inayodumu, ya kazi, kauli au tukio, lakini magazeti huyabadilishana ili tu yasirudie neno, nami sina hoja ya kuyashinda. “Reconocido” linanitatiza vivyo hivyo. Kwa asili lilidai awepo mtu wa kutambua, kama mzazi anayemkubali kisheria “un hijo reconocido”, ilhali leo hubandikwa kila wakili mwenye bango barabarani. Mimi bado nawawekea wale waliokubaliwa na wenzao wa fani, nikijua vyema kwamba matumizi yamekwisha kunipita.

“Sonado”, yaani lililovuma, liachieni matukio: talaka, kashfa, kesi. Anayetaka kumsifu bondia kwa umaarufu wake asimwambie “estás sonado”, kwa maana atakuwa amemwambia kwamba makonde yamemvuruga akili, na bondia huyo huenda akaona haja ya kumthibitishia kinyume chake.