Bangili inayotetema na tabia ya kutafuna kucha: maswali ya watu wazima

Nina miaka thelathini na kitu, mbona bado natafuna kucha?

Mko wengi. Tabia hii huanza utotoni na kwa wengine haiachi. Mkono hupanda wenyewe wakati wa wasiwasi, uchovu au kukaa tu: uko kwenye foleni, au unasubiri penalti ipigwe, ukija kushtuka kidole kimeshatoka damu. Tafadhali usijitukane. Lawama huongeza wasiwasi, na wasiwasi ndio unaoupandisha mkono.

Nasikia kuna bangili inayotetema mkono ukienda mdomoni. Inajuaje?

Ndani yake mna kihisi cha mwendo, kama kile kinachogeuza picha kwenye simu unapoilaza. Unaifundisha kwanza kupitia programu ya simu: unapeleka mkono mdomoni, inakariri mkao ule. Baadaye mkono ukipita njia ileile, inatetema. Mfano ni Keen, ya kampuni ya HabitAware ya Marekani. Ipo pia Pavlok, inayoweza kupiga shoti ndogo ya umeme. Hiyo siipendekezi: mtetemo unatosha kukushtua, na maumivu hayauonyeshi mkono pa kwenda.

Ikishatetema nifanye nini?

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi huishia. Mwaka 1973 wanasaikolojia Nathan Azrin na Gregory Nunn walichapisha njia ya kubadili mazoea ambayo inatumika hadi leo: kwanza utambue mkono unapopanda, kisha uupe kazi isiyoweza kufanyika pamoja na kutafuna. Kwa hiyo ikitetema, shusha mkono, kunja ngumi, kaza kwa dakika moja hadi tatu mpaka hamu ipite. Ukiwa kikaoni, shika kalamu kwa nguvu. Ukiiacha iteteme huku unaendelea kutafuna, utaizoea kama mlio wa feni.

Na wakati wa kula?

Sisi tunaokula kwa mkono lazima tuulize hili. Bangili haioni kucha, inajua tu mkono ulipo. Tonge la ugali, kikombe cha chai, kupokea simu, vyote vinaweza kuitetemesha. Ivue ukinawa. Kama unatafuna vidole vya mikono yote miwili, ivae kwenye mkono unaoanza.

Sina hela ya bangili.

Unachohitaji ni kushtushwa, na plasta inaweza. Zungushia vidole viwili unavyovipenda zaidi; meno yakikutana na plasta, kunja ngumi vilevile. Kata kucha fupi na ulainishe kingo, maana kipande kilichochongoka ndicho kinachoita meno. Mwombe mwenzako akuguse bega kimyakimya akikuona. Piga picha ya vidole leo na nyingine mwezi ujao: kucha ya mkono huota kama milimita 3 kwa mwezi, utaona tofauti.

Niende hospitali lini?

Ngozi ya pembeni mwa kucha ikivimba, ikapwita au ikatunga usaha, nenda, na usiitumbue kwa pini. Mwenye kisukari asisubiri hata siku moja. Nenda pia kama wasiwasi unakunyima usingizi, au umeanza kuficha mikono mbele za watu, na umweleze daktari yote mawili.