Lindo Lisilokwisha: Tunayodanganyana Kuhusu Kukosa Usingizi Baada ya Kiwewe

“Miaka yote hiyo imepita, mbona bado hulali?”

Aliyenusurika tukio la kutisha huulizwa swali hili kwa upendo, na ndilo linalochoma zaidi. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, majira ya saa nne na nusu asubuhi, bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Watu zaidi ya 200 walikufa. Wengi waliopofuka walikuwa wamekimbilia madirishani baada ya kusikia mlipuko mdogo uliotangulia, wachungulie kuna nini. Utafiti ulioongozwa na daktari wa akili Frank Njenga, uliochapishwa mwaka 2004, ulikusanya majibu ya Wakenya 2,883 kati ya mwezi mmoja na mitatu baada ya tukio. Takriban asilimia 35 walikuwa na dalili za kiwewe, yaani jeraha la akili linaloachwa na tukio la kutisha.

Aliyefundishwa kwa njia hiyo kwamba kishindo kidogo hutangulia kikubwa, geti likigongwa na upepo saa nane za usiku hawezi kugeukia upande wa pili akaendelea kulala. Mwili wake uko lindoni. Masikio yanapima kila hatua inayopita nje, na usingizi ukija ni wa mang’amung’amu. Si uoga, wala si upungufu wa imani. Ni kinga iliyomfaa siku moja, na hakuna aliyeiambia kuwa zamu imekwisha.

Wengi hupata nafuu baada ya wiki kadhaa, hilo kweli. Lakini ukikesha angalau mara tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, wataalamu huhesabu kuwa tatizo limekuwa sugu, na likishakuwa sugu huota mizizi yake lenyewe. Kilichokunyima usingizi mwanzoni na kinachokunyima leo huenda si kitu kimoja.

“Panda kitandani mapema, ufidie.”

Ushauri huu una sura ya busara, na umewakeshesha watu wengi. Anayelala kwa muda wa saa tano na nusu lakini anakaa kitandani kwa muda wa saa tisa, hizo tatu na nusu za ziada anazitumia kugaagaa, kupiga hesabu ya muda uliobaki na kukumbuka asiyotaka kukumbuka. Mwisho wake kitanda chenyewe kinakuwa uwanja wa vita: anasinzia vizuri kwenye kochi, akigusa mto tu macho makavu.

Tiba inayofanya kazi hapa hailengi tukio, inalenga mazoea haya. Ni tiba ya kubadili fikra na mienendo ya usingizi, ambayo mwaka 2016 chama cha matabibu cha Marekani, American College of Physicians, kilipendekeza itangulie dawa kwa watu wazima wenye tatizo sugu. Kwa wiki moja au mbili unaandika kwenye daftari umelala kwa muda wa saa ngapi kila usiku, kisha unapunguza muda wa kitandani ulingane na usingizi halisi. Kwa mtu wetu, anapanda saa sita na nusu usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi, Jumapili ikiwemo. Usingizi ukianza kujaa humo, anaongeza dakika 15, halafu nyingine. Wiki za mwanzo ni ngumu, sitakuficha. Mwenye kifafa, mwenye maradhi ya hisia kupanda na kushuka, au dereva wa masafa asijaribu bila msimamizi.

Ukiona kama dakika 20 zimepita bila usingizi, ondoka kitandani. Mwenye chumba kimoja cha kupanga atauliza aende wapi. Kigoda upande wa pili wa pazia kinatosha. Ila mwenye kiwewe ana mtego wake: akiinuka, anageuka mlinzi. Anakagua kufuli mara ya tatu, anachungulia dirishani, na kila ukaguzi unauthibitishia mwili kwamba hatari ipo. Kufuli likaguliwe mara moja kabla ya kulala, basi. Na kama giza totoro ndilo linalomtisha, taa ndogo iwake.

“Piritoni mbili, au bia mbili, na usiku umekwisha.”

Piritoni ni dawa ya mzio ambayo huleta kusinzia. Mwili huizoea upesi. Pombe hukulaza haraka kisha hukuamsha usiku wa manane, na ndoto zilizozuiwa mwanzoni hurudi kwa kishindo. Dawa za kutuliza, yaani valiamu na ndugu zake, ndizo zinazoniogofya: zina uraibu, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wazima wasipewe dawa za kundi hilo kupunguza dalili kali za kiwewe katika mwezi wa kwanza. Aliyekwisha kuzizoea naye asiziache ghafla, kwani anaweza kupata degedege. Zipunguzwe taratibu na daktari.

“Ndoto hizo ni pepo.”

Sitabishana na dua ya mtu. Nami husoma yangu kabla ya kulala. Lakini ndoto inayorudia tukio lile lile inafundishika. Mchana, mtu huchagua ndoto isiyo kali sana, huibadilisha apendavyo, kisha hupitia toleo jipya kichwani kwa dakika chache kila siku. Utafiti wa mwaka 2001 kwa wanawake 168 wa New Mexico, karibu wote waliowahi kubakwa au kushambuliwa kingono, ulionyesha kuwa zoezi hili lilipunguza majinamizi na kuboresha usingizi.

“Asimulie yote, alie, atalala.”

Asilazimishwe. Anaweza kutibiwa usingizi bila kusimulia hata sentensi moja ya siku ile.

Ukienda kliniki, usiseme “silali” tu, maana neno hilo peke yake mara nyingi hurudi nyumbani na pakiti ya vidonge. Sema unaamka saa ngapi, unaamshwa na nini, unaota nini, unakunywa nini, na kama mwenzako anasikia ukikoroma kisha pumzi ikakatika. Na kama usiku umeanza kukuletea mawazo ya kujiua, usingoje miadi: mwamshe mtu wa nyumbani, mwende hospitali usiku huo huo.