Msimlaumu Fundi, Ulizeni Mbao

Siku ya Jumanne nilipigiwa simu na dada mmoja wa Dar es Salaam, mtaalamu wa mapambo ya ndani, mteja mzuri na mstaarabu. Tulisalimiana vizuri, kisha akalitoa lile neno: "Kaka, tatizo lenu Bagamoyo ni mafundi. Mkishapewa advansi mnalala." Neno hilo nimelisikia kwa wenye hoteli, kwa wasanifu majengo, hata kwa vijana wanaosomea sanaa za ufundi hapahapa mjini. Safari hii sikuweza kunyamaza.

Nasimamia ununuzi na ugavi wa karakana tatu za milango na vinyago. Daftari ninalo. Mlango wa Kiswahili wenye miimo, kizingiti na mfaa (ule mti wa katikati) wa kuchonga, wakiushika mafundi wawili, unakula wiki tano au sita za patasi. Mbao za mlango huohuo huwa zimekaa stoo kwangu miezi kumi na minne kabla patasi haijazigusa. Sasa nani amelala hapo?

Ukitaja mnyororo wa ugavi, watu wanaona lori. Lori ndilo jepesi kuliko yote. Kutoka hapa hadi bandari ya Dar es Salaam ni kama kilometa 70, unapakia asubuhi na mchana umeshafika. Vibali navyo vina utaratibu wake unaojulikana. Mbao isiyo na hati ya kusafirishia ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, wala alama ya nyundo inayogongwa na maofisa wa misitu usiiguse, hata ukipewa kwa bei ya bure. Mpingo umo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea, tangu Januari 2017, ila tangu mwishoni mwa 2019 kinyago kilichokamilika hakidaiwi kibali cha CITES ikiwa mpingo wote katika shehena hauzidi kilo 10. Mninga, mkongo na mkangazi viliingia kwenye orodha hiyo Februari 2023. Hapo kinachobanwa ni gogo na mbao, si mlango uliokwisha kutengenezwa. Msaji, kama ule wa Longuza kule Muheza, haumo kabisa. Haya yote mtu makini anayamaliza kwa simu na nauli.

Unyevu haumalizwi kwa simu.

Muuzaji atakuapia: "Hii kavu bosi, imepigwa jua miezi miwili." Jua linakausha ngozi ya ubao. Mwezi uliopita niliagiza mbao za mninga za inchi 2. Kipima unyevu, kile cha sindano mbili, kilisoma asilimia 13 juu ya ubao, na fundi tayari alikuwa ameshika randa. Nikamzuia. Nikakata kipande katikati ya ubao, mbali na ncha kwa sababu ncha hukauka kwanza, nikakipima kwenye mzani: gramu 250. Nikakiweka kwenye oveni nyuzi joto 103, nikawa nakitoa na kukipima mpaka uzito ukagoma kushuka. Gramu 205. Maji yaliyotoka ni gramu 45. Gawa kwa uzito mkavu, 205, unapata asilimia 22. Ubao ambao juu ulisoma 13!

Ukiuchonga ubao huo leo, maua yatatoka safi na mteja atafurahi. Kuanzia kama asilimia 30 ya unyevu kushuka chini, kila asilimia inayopotea inaondoka na upana wa mbao. Urefu haubadiliki cha maana, upana ndio unaosinyaa. Basi kilemba cha mlango, ile sehemu ya juu, kitafunguka kwenye maungio, mfaa utapinda, na ufa utapita katikati ya ua ambalo mzee wa watu alilichonga siku nne. Nimeliona hilo kwenye mlango tuliotoa sisi wenyewe, na yule mzee alipoletewa picha hakusema kitu. Alikaa tu akiitazama. Tangu siku hiyo hakuna ubao unaotoka stoo kwangu bila kipande chake kupita kwenye oveni.

Halafu ukavu wenyewe si mmoja. Hapa pwani, mbao ikitulia chini ya paa itasimama kwenye asilimia 14 hadi 16, na masika ndiyo inapanda. Nyumba ya Ulaya yenye kupashwa joto wakati wa baridi inaivuta hadi 8 au chini yake. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mteja ni mlango unakwenda kuishi wapi. Bei inafuata. Wengi wanaona nawapotezea muda.

Na kuna mahali vitabu vinaniacha peke yangu. Mlango wa chumba cha hoteli ufukweni: upande mmoja kiyoyozi kinaivuta mbao kwenda 9, upande wa pili upepo wa bahari unairudisha 16. Niukaushie kiasi gani? Mimi nakwenda na 12, na namwambia fundi aache nafasi ili paneli icheze ndani ya fremu bila gundi. Mpaka sasa imesaidia. Sina uhakika kama ni kanuni au ni bahati ya milango michache.

Sasa turudi kwenye advansi, maana hapo ndipo lawama inapogeuka. Mteja analipa asilimia 30 siku ya oda. Fundi hana mtaji mwingine, hivyo anakwenda kununua mbao iliyopo sokoni siku hiyo, na mbao ya siku hiyo ni mbichi. Akisubiri ikauke, anaitwa mvivu. Asiposubiri, anaitwa mbabaishaji mlango ukipasuka. Ule utaratibu wa malipo ndio unaozaa kosa, na mtu anayeumia ni yule mwenye patasi.

Dawa ni mtu kununua mbao kabla oda haijazaliwa. Lakini kiasi gani? Chuoni tulifundishwa kanuni ya kiasi nafuu cha kuagiza, hesabu ya ununue kiasi gani kwa mara moja ili gharama iwe ndogo, aliyoitoa Ford Harris mwaka 1913. Inataka mahitaji yawe yaleyale mwezi hadi mwezi. Kwetu oda za milango zinaweza kukauka miezi minne, kisha hoteli moja ikataka kumi na mbili kwa mpigo. Nimeacha kuitumia. Ninaweka mbao za milango minane wakati wote, na pesa imelala humo, na kuna usiku najiuliza kama nane si nyingi mno.

Kreti nalo msilisahau. Mbao zake, kama unene unazidi milimita 6, lazima ziwe zimetibiwa dhidi ya wadudu; kwa njia ya joto ni nyuzi 56 ndani ya kiini kwa dakika 30 mfululizo, kisha zinagongwa HT, muhuri wa kwamba zimepashwa joto. Nimewahi kuona kazi ya miezi imezuiwa bandari ya ugenini kwa sababu ya boksi.

Yule dada nimemwambia aje. Nimemwekea ubao wa mfaa wake karibu na mlango wa stoo, tarehe na uzito vimeandikwa kwa chaki pembeni. Juzi ulikuwa asilimia 15. Jumamosi napima tena, na nataka aushike mzani yeye mwenyewe.