Jeni za kuhimili mwanga mkali katika mwani mwekundu

Maji ya bamvua yakipwa kule Paje na Jambiani, Zanzibar, mwani hubaki kwenye maji ya kifundo cha mguu huku jua likiupiga sawasawa. Mkulima aliyeinamia kamba alizofungia mwani huziona rangi zake: shada hili limekoza, lile limepauka likawa manjano, na jingine lina ncha nyeupe zinazokatika ukizigusa tu.

Jeni ni kipande cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza protini. Jeni za kuhimili mwanga mkali ni kundi zima la jeni zinazolinda seli pale mwanga unapozidi kiasi ambacho usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga, unaweza kutumia. Nishati ya ziada huzalisha oksijeni kali inayoiunguza seli kwa ndani.

Kinachoumia mapema ni protini iitwayo D1, iliyo kwenye kiini cha mtambo wa usanisinuru. Hii huharibika kila siku, hata jua likiwa la kawaida. Jeni ya psbA hutoa maelekezo ya D1 mpya. Jeni ya ftsH hutoa protini inayoikatakata ile mbovu ili ipishe. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito wote: uhimilivu wa mwani ni ukarabati usiokoma, na madhara huanza uharibifu unapoupita mbio ukarabati huo. Pembeni yake ziko jeni za vimeng'enya kama superoksidi dismutasi, vinavyoituliza oksijeni kali.

Wekundu wenyewe ni fikoerithrini, rangi inayonasa mwanga. Jua likizidi, mwani huipunguza ili unase kidogo. Kwa hiyo kupauka peke yake si ugonjwa. Weupe unaolegeza shina hadi likatike ni jambo jingine kabisa. Hapo mwani umeshazidiwa, na bakteria hupata njia.

Porphyra umbilicalis, mwani mwekundu wa miamba ya Atlantiki ya kaskazini, hukaukia juani kila maji yanapotoka. Jenomu yake, yaani DNA yake yote, ilichapishwa mwaka 2017 ikiwa na jeni 13,125, zikiwemo za kutengeneza viambato vinavyokinga miale ya urujuanimno.

Kamba ikishushwa maji ya kina zaidi, mwanga hupungua, D1 huharibika kidogo, na shada lililopauka, kama bado ni zima, huanza kukoza tena.