Unataka kusomea tiba ya nyuklia? Anza na saa

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na wazazi wao hapa Arusha huniuliza kuhusu fani hii, na karibu kila mara swali la kwanza ni mionzi: haitamdhuru mtoto wangu? Nitalijibu. Lakini kinachotutawala kazini tangu alfajiri ni saa.

Kwenye eksirei, mashine ndiyo inayotoa mionzi. Kwetu mgonjwa huchomwa sindano ya dawa yenye mionzi kidogo, dawa ikaenda kwenye kiungo tunachokichunguza, kisha kamera ya gama ikapokea mionzi inayotoka mwilini mwake. Kwa hiyo tunaona utendaji, si umbo peke yake. Figo mbili zinaweza kufanana kwenye ultrasaundi, kumbe moja ndiyo inayobeba karibu kazi yote.

Dawa nyingi hutengenezwa kwa teknishiamu-99m, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6. Uliyoipima saa 12 asubuhi, saa 6 mchana imebaki nusu, na saa 12 jioni robo. Haiwekwi stoo. Idara huagiza jenereta, chombo kilichozungushiwa madini ya risasi chenye molibdenamu-99 ndani, inayogeuka teknishiamu taratibu. Kila asubuhi mteknolojia hupitisha maji ya chumvi na kuikamua kama ng'ombe. Kesho yake imejaa tena. Kabla ya mgonjwa yeyote kuchomwa, lazima apime kama molibdenamu haikupenya kwenye dawa. Molibdenamu yenyewe hupungua kwa nusu kila saa 66, hivyo jenereta haikai sana kabla ya kuhitajika nyingine, ambayo husafirishwa kwa ndege. Ndege ikichelewa, dawa inakufa njiani, na mama aliyepanda basi kutoka Moshi hadi Dar es Salaam kwa skani ya mifupa anaambiwa arudi siku nyingine. Kama hupendi kupanga ratiba na kupiga hesabu upya mgonjwa anapochelewa, nakushauri utafute fani nyingine.

Sasa mionzi. Kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 (kizio cha dozi ya mionzi) kwa mwaka, unaokokotolewa kwa miaka 5. Tunajikinga kwa kufupisha muda, kukaa mbali na kuweka kizuizi cha risasi au tangsteni. Umbali unasaidia kuliko watu wanavyodhani: ukiwa mita 2 badala ya 1, dozi inashuka hadi kama robo. Kila mmoja wetu huvaa kipimo kifuani. Vipimo hivyo husomwa kwenye maabara ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, hapa hapa Njiro.

Kwangu mimi, sehemu ngumu zaidi ni kuongea na watu. Mwanamke lazima aulizwe kuhusu ujauzito na kunyonyesha, na ukimuuliza mbele ya mama mkwe huenda usipate ukweli, mtoe pembeni. Bibi aliyemeza iodini-131, ambayo hupungua kwa nusu kila siku 8, kwa saratani ya tezi ya shingo, inabidi umweleze kwa upole: "Shikamoo bibi. Ukirudi nyumbani, mjukuu usimpakate kwa muda." Atakuuliza kwa nini, na anastahili jibu analolielewa. Mwanafunzi asiyeweza hilo, hata awe na alama A za fizikia, bado hajaiva.

Njia ya kawaida nchini ni kuanza na radiolojia, kwa stashahada au shahada, kisha kubobea. Vituo ni vichache, Ocean Road na Bugando vikiwemo, kwa hiyo nafasi si nyingi na sitaki kumdanganya mtu. Lakini ujuzi huu haufungwi kwenye chumba cha kamera. Wapo wanaoandaa dawa za mionzi, wanaofanya kazi kwenye PET, aina nyingine ya skani ya dawa za mionzi, ambako florini-18 hupungua kwa nusu kila dakika 110, na wapo kama mimi tuliohamia kinga ya mionzi, kwa sababu migodi na viwanda navyo hutumia vyanzo vya mionzi. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki hutoa ufadhili wa mafunzo, na tangu 2020 lina mpango wa Marie Skłodowska-Curie kwa wanawake wanaosoma shahada ya uzamili katika sayansi ya nyuklia. Mabinti wa PCB, hasa mnaotaka kuacha fizikia kwa sababu mtu amewaambia ni ya wavulana, ombeni.