Mwalimu wa P1, kabla hujalipa karo ya kuhamia JSS

Hapa Kenya, walimu wengi wa shule za msingi wenye P1, yaani cheti cha ualimu wa msingi, wanataka kusoma zaidi ili wafundishe JSS, sekondari ya chini ya gredi ya 7 hadi ya 9. Swali wanaloniuliza zaidi ni chuo kipi kina karo nafuu. Kabla sijajibu, mimi huuliza: KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ulipata nini? Wengine hununa. Wamefundisha miaka na mikaka, na hawaoni kwa nini mtu awafukulie matokeo ya ujana wao. Lakini Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) huanzia papo hapo. Kigezo ambacho imekuwa ikitumia kumsajili mwalimu wa sekondari ni wastani wa C+ katika KCSE, pamoja na C+ katika kila moja ya masomo mawili atakayofundisha. Kozi ya P1, nayo, ilikuwa ikipokea watu wa C. Wengi hukwama hapo, na ole wako ukigundua hayo ukiwa mwaka wa tatu, karo imeshalipwa.

Kwa hiyo toa cheti chako kabatini, usitegemee kumbukumbu. Nimeona walimu wanaoapa walipata B ya Kiswahili, kumbe ni C. Kama alama hazitoshi, unaweza kujisajili na KNEC, baraza la mitihani, kama mtahiniwa wa kibinafsi, lakini usikawie: kundi la mwisho la mfumo wa zamani wa 8-4-4 linafanya KCSE mwaka 2027.

Kosa jingine ni kuchagua digrii kwa jina lake. Digrii ya elimu ya chekechea ni digrii halali, ila haikupi masomo mawili ya sekondari. Stashahada ya kumpandisha ngazi mwalimu wa P1 pia ni nzuri, lakini inakuimarisha ukiwa huko huko msingi, gredi ya 1 hadi ya 6. Anayetaka JSS atafute digrii ya elimu upande wa sekondari, au stashahada ya ualimu wa sekondari kama inayotolewa na chuo cha ualimu cha Kagumo. Mwenye digrii isiyo ya elimu, tuseme ya sayansi au ya biashara, huongeza stashahada ya uzamili katika elimu. Hata yeye, transkripti yake itakaguliwa kozi baada ya kozi kuona kama ana masomo mawili kamili.

Masomo yapi, basi? Gredi ya 7 ya kwanza ilianza Januari 2023, ikiwa ndani ya shule za msingi. Mwaka uliofuata masomo yalipunguzwa yakawa 9: Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, Dini, Masomo ya Kijamii, Sayansi Jumuishi, Kilimo, Masomo ya Awali ya Kiufundi, na Sanaa Bunifu na Michezo. Linganisha orodha hiyo na jozi zinazofundishwa vyuoni: Biolojia na Kemia, Historia na Dini, Jiografia na Biashara. Mengi hayalingani moja kwa moja. Ndiyo maana binafsi siridhiki na ushauri wa "chagua tu unachopenda".

Tuchukue mwalimu wa Biolojia na Kemia. Sayansi Jumuishi ya gredi ya 7 inampokea vizuri: kutenganisha michanganyiko, kuchuja, mfumo wa uzazi. Kisha inakuja mada ya nguvu na nishati. Mtoto ameunganisha betri na balbu, ikawaka. Anaongeza balbu ya pili kwenye njia ile ile, zote mbili zinafifia. Anaziweka sambamba, kila moja na njia yake, zinarudisha mwanga. "Mwalimu, kwa nini?" Fizikia ya mwisho uliyosoma ilikuwa kidato cha pili. Chuo hakitakuuliza hilo kwenye mtihani wa Kemia, lakini darasani huna pa kukwepea. Ukipata nafasi ya mafunzo ya CEMASTEA, kituo cha kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi kule Karen, Nairobi, ichukue hata kama unahitimu mwezi ujao.

Kozi za walimu walio kazini huendeshwa wakati wa likizo: Aprili, Agosti na Desemba. Zinachosha, sitaki kukudanganya. Yanapofika mazoezi ya kufundisha, usikubali kuyafanyia kwenye darasa lako la gredi ya 4 kwa sababu ni karibu. Omba gredi ya 8. Huko utakutana na kijana aliyekuwa akinyoosha mkono kila dakika mwaka juzi, leo hataki hata kusoma kwa sauti kwa kuwa sauti yake inapasuka.

Pia utajifunza kuweka rekodi za tathmini kwa makini. Katika kumpanga mwanafunzi kuingia sekondari ya juu, KJSEA, mtihani wa kitaifa wa gredi ya 9, ina asilimia 60, KPSEA, ule wa gredi ya 6, asilimia 20, na tathmini za shuleni za gredi ya 7 na 8 asilimia 20. Hizo 20 za mwisho ziko mikononi mwako. Mwalimu wa msingi aliyezoea kumfuatilia mtoto mmoja mmoja ana nguvu hapa kuliko mgeni aliyetoka chuoni jana.

Ukishahitimu, usidhani utahamishwa kesho yake. Nambari yako ya TSC inabaki ile ile. Unachofanya ni kuwasilisha vyeti vipya ili rekodi yako isahihishwe, kisha unaomba nafasi zikitangazwa. Weka tayari nakala zilizothibitishwa za KCSE, transkripti na cheti cha kuhitimu, na uhakikishe majina yanafanana kwenye zote, hasa kama ulibadilisha jina baada ya ndoa.