Emoji za iPhone kwenye Android: dhana potofu na ukweli wake

Ukituma uso unaocheka mpaka machozi, hakuna picha inayoondoka kwenye simu yako. Kinachosafiri ni namba tu, U+1F602, iliyopangwa na shirika la Unicode. Simu inayopokea ndiyo inayoitafutia namba hiyo sura kwenye fonti yake ya emoji. Apple ina fonti yake, Samsung ina yake, na simu nyingi za Tecno, Infinix na Redmi hutumia ile ya Google iitwayo Noto Color Emoji. Ni kama herufi A: wewe unaiandika kwa mwandiko wako na mwingine kwa mwandiko wake, lakini inabaki A. Mengi ya uongo yanayozunguka kuhusu kubadili emoji yanatokana na kusahau jambo hilo moja.

Dhana: “Nikiweka emoji za iPhone, marafiki nao wataziona za iPhone”

Hawataziona. Kila mtu huona za simu yake au za programu anayotumia. Ukibadilisha, umebadilisha macho yako tu.

Mfano unaojulikana zaidi ni bastola. Mwaka 2016, kwenye iOS 10, Apple iliondoa bastola halisi na kuweka ile ya kuchezea ya maji. Google, Samsung na WhatsApp zilifuata mwaka 2018. Katikati hapo, mwenye iPhone aliweza kutuma mzaha wa kurushiana maji, na mwenye Android akapokea silaha. Namba iliyosafiri ilikuwa ileile. Mwaka 2017 watu walicheka emoji ya baga ya Google kwa sababu jibini ilikuwa chini ya nyama, mpaka mkuu wa Google, Sundar Pichai, akaahidi hadharani kulishughulikia. Marekebisho yalikuja na Android 8.1. Hapo pia namba haikuguswa, ni mchoro tu uliobadilishwa.

Basi kama unataka kujua mwenzako anaona nini hasa, mwombe picha ya skrini yake. Simu yako haiwezi kukuonyesha.

Dhana: “Pakua kibodi yenye emoji za iPhone, kazi imeisha”

Kibodi ni kama ubao wa bei nje ya mgahawa: picha ya pilau iliyochorwa pale siyo pilau itakayoletwa mezani. Kibodi inaweza kuonyesha picha nzuri za mtindo wa Apple kwenye paneli yake, lakini ukigusa moja inaingiza namba tu kwenye maandishi, na kuanzia hapo mchoro ni kazi ya simu au ya programu unayoandikia.

Jaribio lake ni la dakika moja. Fungua programu ya madokezo, chagua emoji kwenye kibodi hiyo mpya, kisha linganisha picha iliyo kwenye paneli na ile iliyotua kwenye mstari. Zikitofautiana, umepata paneli yenye mapambo tu.

Tena mapambo hayo yana gharama. Kibodi huona kila unachoandika ndani yake. Ndiyo maana Android hutoa onyo kabla ya kuwasha kibodi mpya, na iPhone huuliza kama unairuhusu kufikia kila kitu. Kibodi ya mtengenezaji asiyejulikana, iliyojaa matangazo, haifai kupewa nywila za barua pepe na namba ya siri ya benki kwa ajili ya uso wa manjano.

Dhana: “Ukibadili fonti ya simu, emoji nazo hubadilika”

Hapa pana ukweli kidogo, na ndiyo maana dhana hii haifi.

Android haina fonti moja, ina foleni ya fonti. Ikikutana na herufi au alama, huanza kuitafuta kwenye fonti uliyochagua. Isipoipata, huenda kwenye fonti inayofuata, hadi kufika ile ya emoji. Fonti nyingi unazopakua zina herufi na tarakimu peke yake. Kwa hiyo maandishi yatageuka kuwa ya mwandiko wa mkono, na emoji zitabaki zilivyokuwa.

Ujanja uliotumiwa zamani kwenye Samsung ulikuwa kutengeneza fonti ya FlipFont (mfumo wa kubadili fonti kwenye simu hizo) ambayo ndani yake imeshindiliwa na michoro ya emoji. Simu ikiuliza fonti ya kwanza, “unayo hii?”, inajibiwa ndiyo, na haifiki kwenye emoji za Samsung. Ulifanya kazi kwa muda, kisha Samsung ikabana: fonti zisizotoka kwenye duka lake zikaanza kukataliwa. Maelekezo mengi yanayosambazwa hadi leo ni ya enzi ile, na mtu huhangaika nayo jioni nzima bila kujua kwamba mlango ulishafungwa.

Ukitaka kujaribu kwa njia salama kwenye Samsung, ingia kwenye Mipangilio, kisha Onyesho, kisha ukubwa na mtindo wa fonti, kisha mtindo wa fonti. Chini kabisa kuna kiungo cha kupakua kutoka Galaxy Store. Kwenye Redmi, na kwenye matoleo kadhaa ya Tecno na Infinix, tafuta programu ya mandhari na ufungue sehemu ya fonti. Baadhi ya fonti za huko zimebeba emoji, nyingi hazijabeba. Angalia picha za mfano kabla ya kupakua: kama mfano hauonyeshi emoji hata moja, usitegemee muujiza.

Yanayoharibika mara nyingi ni matatu. La kwanza, emoji hugeuka nyeusi na nyeupe, kwa sababu fonti ina umbo la alama lakini haina tabaka la rangi. La pili, emoji za kawaida hubadilika lakini zile mpya zaidi hubaki na mtindo wa awali wa simu, kwa hiyo sentensi moja inakuwa na mitindo miwili. Hapo aliyetengeneza fonti alichukua seti ya miaka iliyopita. La tatu, sehemu ya emoji hubaki tupu. Hili huwapata wanaochukua faili la fonti ya Apple kama lilivyo: Apple hupanga picha zake za rangi ndani ya fonti kwa muundo uitwao sbix, ilhali fonti ya Google ya Android ilijengwa kwa muundo wa CBDT. Kulibadilisha jina faili hakulifanyi lisomeke. Katika hali zote tatu dawa ni kurudisha fonti ya awali na kuzima simu kisha kuiwasha.

Dhana: “WhatsApp hufuata emoji za simu”

Kwenye iPhone, ndiyo. Kwenye Android, hapana. Tangu mwishoni mwa 2017 WhatsApp ya Android imekuwa ikichora emoji zake yenyewe, na awali ilitumia za Apple. Telegram ya Android nayo hubeba picha zake ndani, tena za mtindo wa Apple. Ndiyo sababu mtu anaweza kufanikiwa kubadilisha fonti, akafungua WhatsApp, akaona hakuna kilichosogea hata nukta. Hakukosea popote. Programu hiyo haimuulizi mtu.

Ndipo wengine hukimbilia WhatsApp zilizochakachuliwa, maarufu kama GB, zinazoruhusu kuchagua mtindo wa emoji. Hizo hazipo Play Store, mazungumzo yako yanaweza kupita mikononi mwa mtu usiyemjua, na WhatsApp yenyewe husema wazi kwamba huzifungia akaunti zinazozitumia. Namba iliyofungiwa ikiwa ndiyo ya biashara yako, emoji haitakuwa na maana tena.

Dhana: “Kuruti simu ni hatua ndogo tu”

Kuruti, yaani kujipa mamlaka ya juu kabisa ndani ya mfumo, ndiyo njia inayobadilisha fonti ya emoji yenyewe. Faili lenyewe hukaa kwenye /system/fonts kwa jina NotoColorEmoji.ttf. Kwenye Samsung huitwa SamsungColorEmoji.ttf. Mpangilio wa kazi ni huu: kufungua butloda (programu inayouwasha mfumo wa simu), kusakinisha Magisk (programu ya kuruti), kuweka moduli yenye fonti mpya, kisha kuwasha simu upya.

Hatua ya kwanza peke yake hufuta kila kitu kwenye simu: picha, namba, mazungumzo. Kwenye Samsung, kuweka mfumo usio rasmi huchoma fyuzi ya Knox (mfumo wa usalama wa Samsung), na fyuzi hiyo hairudi hata ukirejesha mfumo wa kiwandani. Folda Salama haitafanya kazi tena kwenye simu hiyo. Programu za benki hukagua kama simu imerutiwa na nyingi hukataa kufunguka. Menyu za pesa za simu kama *150*00# zitaendelea, kwa kuwa zinapitia mtandao wa simu wala hazijali mfumo una hali gani.

Na hata baada ya yote hayo, matokeo yanaweza kuwa nusunusu. Kuanzia Android 12, fonti ya emoji inaweza kusasishwa kupitia huduma za Google Play, ikahifadhiwa mahali pengine nje ya ile folda. Hivyo programu moja itaonyesha emoji mpya na nyingine za Google, isipokuwa moduli iwe imetengenezwa kushughulikia na nakala hiyo ya pili. Faili likiwekwa na ruhusa zisizo sahihi (zinazotakiwa ni 0644), emoji zote hupotea. Mtu aliyechezea orodha yenyewe ya fonti anaweza kuishia na simu inayozunguka kwenye nembo bila kuwaka. Anayejifunza mifumo kwa simu ya akiba, aendelee. Kwa simu ya kazi, bei haifanani na bidhaa.

Dhana: “iPhone nayo ina njia yake ya siri”

Haina. Tangu iOS 13 unaweza kusakinisha fonti za ziada, lakini zinatumika ndani ya programu za kuandikia nyaraka tu, hazigusi emoji za mfumo.

Wanachochanganya wengi ni Genmoji, iliyokuja na iOS 18.2 mwezi Desemba 2024 kwa iPhone 15 Pro na zilizofuata zenye uwezo wa Apple Intelligence, yaani akili bandia ya Apple. Unaeleza unachotaka, simu inakichora. Lakini kilichochorwa ni picha, hakina namba ya Unicode. Emoji Kitchen ya kibodi ya Gboard, iliyoanza mwaka 2020, ni vilevile: unaunganisha emoji mbili, unapata stika. Zote mbili zinafika kwa mpokeaji zikiwa na sura uliyoituma, jambo ambalo emoji halisi haiwezi kuahidi. Kwa hiyo kama shida yako ni mwenzako aone unachokiona wewe, acha kuhangaika na fonti. Tuma stika.

Dhana: “Miraba mitupu ni dalili ya virusi”

Ni dalili ya fonti ya zamani. Namba imefika salama, ila fonti haina mchoro wake. Unicode huongeza emoji karibu kila mwaka. Uso wenye mifuko chini ya macho, kwa mfano, uliidhinishwa Septemba 2024 ukafika kwenye iPhone na iOS 18.4. Simu isiyosasishwa itaonyesha mraba, au mraba wenye alama ya X. Wachora fonti huuita mraba huo “tofu”, na jina Noto la fonti ya Google lilitokana na nia ya kuumaliza.

Wakati mwingine badala ya mraba unaona vipande. Familia ya watu wanne ni emoji nne zilizogundishwa kwa alama zisizoonekana, na simu ya zamani huwatawanya mmojammoja. Rangi ya ngozi, iliyoingia mwaka 2015 na kuwa na viwango vitano, ni emoji ya mkono ikifuatwa na alama ya rangi: kwenye simu isiyoielewa utaona mkono wa manjano na kibandiko cha kahawia pembeni. Kuichagua hakuhitaji programu yoyote. Bonyeza mkono kwa sekunde moja hivi bila kuachia, viwango vitajitokeza, na kwa kawaida kibodi itakumbuka ulichochagua.

Dhana: “Emoji ni alama moja, haiongezi gharama”

Kwenye WhatsApp ni kweli. Kwenye SMS ya kawaida si kweli, na wanaotuma taarifa za michango ya harusi wanapaswa kulijua hili.

SMS yenye herufi za kawaida hubeba alama 160. Emoji moja tu ikiingia, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo wa usimbaji na kikomo kinashuka hadi 70, au 67 kwa kila kipande ujumbe ukigawanywa. Emoji ya kawaida hula nafasi 2. Kidole gumba chenye rangi ya ngozi hula 4, na bendera ya Tanzania pia 4, maana ni alama mbili za herufi, T na Z. Familia ya wanne hula 11.

Chukua ujumbe wa herufi 140. Bila emoji ni SMS moja. Ukiongeza ua moja mwishoni unakuwa nafasi 142, yaani vipande vitatu. Kwa wanakamati 200, hizo ni SMS 600 badala ya 200. Hata bila emoji, mtego huohuo umo kwenye neno ng’ombe: kibodi ikiweka ile alama iliyopinda badala ya iliyonyooka, kikomo kinashuka hadi 70 vilevile.